Duka la spea limenunuliwa

Leo nimepitia Nakuru kutafuta pampu ya haidroliki ya trekta, nikakuta lile duka nimenunulia spea miaka yote limechukuliwa na kampuni kubwa. Imeniuma sana, manake mzee mwenyewe alikua ananipea filta kwa deni hadi tuvune ngano huku Njoro.

Ameniambia ukweli. Watoto wake hawataki hiyo kazi, stoki ya spea inafunga pesa ya benki na riba inakula kila mwezi, halafu trekta za siku hizi fundi hawezi zigusa bila laptopu na programu ya kampuni, na hiyo leseni ni ya kulipiwa. Watengenezaji nao wanapenda dila (muuzaji wa trekta na spea zao) mmoja mwenye matawi mengi, si wadogo kumi. Huko Marekani ndio hivyo pia, Titan Machinery, kampuni ya kuuza trekta na mashine za shamba, ilianza 1980 kule North Dakota, ikanunua madila wengine wengi, 2007 ikaingia soko la hisa.

Pampu nimeambiwa itatoka Nairobi, siku nne, na mvua iko karibu na shamba halijalimwa. Deni hakuna tena, wanataka pesa kwanza.