Mashine yangu ya espreso na maji ya Dodoma

Kelele ndiyo iliyonishtua. Mashine iliyokuwa ikinguruma kidogo na kunijazia kikombe ndani ya nusu dakika ilianza kukoroma, kahawa ikawa inadondoka tone moja moja kama bomba siku ya mgao. Fundi niliyemwita aliisikiliza mara moja tu. "Dada, pampu imekufa hiyo. Tafuta nyingine." Akanitajia bei, nikamwambia nitampigia.

Usiku ule nikiwa nachemsha maji ya chai, nilichungulia ndani ya birika la umeme. Chini kumeganda ukoko mweupe, mgumu, ukiukwaruza kwa kijiko unatoka vipande. Anayeishi Dodoma anaujua vizuri. Maji yetu mengi yanatoka visima virefu vya Makutupora, na yanakuja na chokaa yake. Hata ukifua, povu la sabuni linakuja kwa shida. Nikajiuliza, kama birika ninaloliosha kila mara liko hivi, boila ya mashine ambayo sijawahi kuiona ndani kwa miezi minane ikoje?

Kesho yake nikanunua unga wa asidi ya sitriki kwenye duka la vifaa vya keki na juisi. Gramu 20 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, nikakoroga mpaka ukayeyuka wote, nikajaza tangi. Nikapitisha kikombe kimoja kwenye njia ya kahawa, kingine kwenye bomba la mvuke, nikazima na kusubiri dakika 15, kisha nikaanza tena. Mara ya kwanza maji yalitoka na ukungu. Mara ya tatu yakakata kabisa. Pampu inalia, tone hakuna. Moyo ulinienda mbio, nikajua nimeshaiua.

Nikachomoa waya ukutani na kuiacha ipoe kabisa. Tafadhali usiiruke hatua hii, boila hushika joto muda mrefu. Nikaanza na chujio la juu, lile linalomwagia kahawa maji, ambalo limefungwa kwa skrubu moja tu. Nyuma yake nilikuta utando mweusi unaonata kama lami, unanuka kama mafuta ya maandazi yaliyokaa wiki nzima. Ndiyo harufu niliyokuwa naisikia kwenye kikombe, nikawa nailaumu kahawa ya watu wa Mbinga bure! Na asidi ilikuwa imepita juu yake bila kuugusa.

Kisha nikafungua kwa spana vali ndogo, ile inayofungua na kufunga njia ya maji kutoka boila kwenda kwenye chujio. Tundu lake la maji ni jembamba sana, na ndani limekwama gamba jeupe, dogo kama kipande cha ukucha. Asidi ililibandua kwenye kuta za boila, likasafiri na maji mpaka likaziba njia. Nililing'oa kwa kijiti cha meno, nikalitumbukiza kwenye asidi iliyobaki. Likaanza kutoa viputo, likawa linapungua taratibu mpaka likaisha lote mbele ya macho yangu. Nikafunga kila kitu mahali pake, nikapitisha matangi mawili ya maji safi. Mashine ikanguruma kama zamani. Pampu haikuwa na kosa lolote.

Kosa langu lilikuwa kudhani uchafu ni mmoja. Chokaa hutolewa na asidi. Mafuta ya kahawa yanataka sabuni ya unga ya mashine za kahawa, na hiyo nayo haiwezi kuondoa chokaa. Sasa kila Jumamosi, mahali pa kikapu cha kahawa naweka kisicho na matundu, kinachozuia maji yasipite, nusu kijiko cha chai cha ile sabuni, nawasha sekunde 10, nazima, mara tano. Halafu narudia hivyo hivyo kwa maji matupu mpaka povu liishe. Fanya hivi kama mashine yako ina vali ya kuachia presha, ile inayopumua "pshii" ukizima. Kama haina, fungua chujio ulisugue kwa mkono, usiizibe kwa kikapu hicho.

Bomba la mvuke nalifuta kwa kitambaa kibichi papo hapo, halafu naachia mvuke kidogo utoe maziwa yaliyorudi ndani. Yakishakaukia utayakwangua.

Tangini sasa naweka maji ya chupa, na kabla ya kununua nasoma lebo: nachagua yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo. Ni gharama, lakini si kama ya pampu.

Wiki mbili baadaye fundi alinipigia kuuliza kama nimeipata pampu. Nikamsimulia yote, hadi lile gamba. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza ule unga niliupimaje, maana ana mashine mbili za wateja pale kibandani zinakoroma vilevile.