Siku moja maishani mwangu: fundi wa taa za kayaki

Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijanawa uso, nainamia ndoo. Ndani yake taa sita za kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, zimelala usiku kucha kwenye maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, karibu sawa na bahari yenyewe. Ndani ya kila taa nimekunja kipande cha karatasi ya shashi. Nafungua moja moja: kavu, kavu, kavu, kavu, kavu. Ya sita imelowa kama kitambaa cha deki.

Wengi wanaona kazi yangu ni kutia balbu kwenye bomba la plastiki. Sawa, bomba lipo. Lakini taa ikiwaka, hewa iliyomo ndani hupata joto na kutanuka. Kayaki ikipigwa na wimbi, hewa ile hupoa ghafla, husinyaa na kunyonya maji kupitia tundu lolote, hata la sindano. Ndiyo maana naziwasha saa nzima kwanza, ndipo nazitumbukiza zikiwa na joto. Taa ikipita hapo, itapita kwingine.

Kuziwasha kunahitaji sumaku. Swichi ninayotumia ni vipande viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo. Ukisogeza sumaku kwa nje, vinagusana. Hakuna kitufe, kwa hiyo hakuna tundu la kuvujia. Na sumaku yangu, ndogo kama shilingi, leo haipo. Jana usiku ilikuwepo. Nikavunja spika mbovu nikachukua sumaku yake, dude zito linalowasha taa tatu kwa mpigo nikitaka moja.

Kuanzia saa moja mpaka saa nne nimekata mabomba, nimepiga msasa, nimelehemu nyaya. Hakuna la kusimulia, ila moshi wa kulehemu na maumivu ya mgongo.

Labda nieleze moja tu. Taa yangu ina nyekundu, kijani na nyeupe, na zote zinatoka kwenye utepe wa LED, vile vijitaa vidogo vya umeme. Utepe wa volti 12 hukatwa kila baada ya vijitaa vitatu, na fundi mvivu hununua mweupe pekee kisha anaufunika kwa plastiki nyekundu upande mmoja na ya kijani upande wa pili. Usifanye hivyo. LED nyeupe ina wekundu kidogo sana ndani yake, kwa hiyo plastiki inazuia karibu mwanga wote na kinachobaki ni uwaridi uliochoka. Nunua nyekundu halisi na kijani halisi.

Saa nne na nusu akaingia mzee mmoja, taa yangu mkononi.

"Fundi, taa yako imenipofusha."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imenipofusha."

Nikaipokea. Nilipoigeuza nikaishiwa maneno. Kila taa yangu ina vipande vitatu vyeusi: ukuta unaotenga nyekundu na kijani, kola inayoziba taa nyeupe kwa mbele, na sahani chini ya ile nyeupe ili isimulike kayaki na macho ya mwenyewe. Vyote vitatu alikuwa amevikata kwa kisu. Kwa ustadi, nikiri.

"Vilikuwa vinazuia mwanga," akasema. "Nimelipia mwanga wote, nataka mwanga wote."

Nusu ya kazi yangu ni vile vipande vyeusi. Nyekundu inatakiwa ionekane kuanzia mbele kabisa mpaka nyuzi 112.5 upande wa kushoto, kijani vivyo hivyo kulia, na nyeupe ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo, imulike nyuzi 135 zilizobaki. Jumlisha, utapata mduara kamili. Ile nusu ya nyuzi nilikuwa nikiihangaikia sana, mpaka nilipogundua kwamba ukikunja kona ya karatasi mara mbili, nyuzi 90 zinakuwa 22.5, ziongeze kwenye kona nyingine nzima, kipimo kimepatikana. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani kwangu, imechakaa.

Nikaweka taa nzima juu ya meza, nikamwomba azunguke. Akizunguka huku, anaona nyekundu tupu. Kule, kijani tupu. Akasimama mbele kabisa, akaona zote mbili.

"Hapo ulipo, mzee, chombo hiki kinakujia usoni. Ungekuwa baharini ungekipisha. Sasa izunguke hii ya kwako."

Akazunguka. Pembe zote, rangi zote. Nikamuuliza mtu wa boti kubwa atajuaje kayaki inaelekea wapi.

"Mimi mwenyewe najua ninakoelekea."

Nikahesabu mpaka kumi. Akaongeza kwamba kama ni shida basi niifanye iwe inamwekamweka kama ya baiskeli, kila mtu ataiona. Nikamweleza kwamba kumweka ni lugha ya maboya na minara. Nahodha hulitambua boya kwa jinsi linavyomweka, na wewe hutaki kudhaniwa boya. Hilo akalikubali, sijui kwa nini hilo na si lile la kwanza. Nikashika kola mpya niirudishe, ndipo akasema, kana kwamba ni jambo la kupita tu:

"Hata hivyo siku hizi sipigi kafi. Nimefunga mota ya umeme."

Mota! Saa nzima tunabishana, hajaitaja. Chini ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, kayaki ya makafi inaruhusiwa kuwasha taa za jahazi, yaani zile za ubavuni na ya tezi. Isipowasha hizo, mpiga kafi awe na tochi nyeupe karibu, aimulike mapema kabla ya kugongwa. Nawaambia hivyo wateja wote, hata kama baadhi yao huondoka na kwenda kununua tochi. Ukifunga mota umeingia kundi lingine. Chombo cha chini ya meta 7 kisichozidi mwendo wa noti 7, karibu kilometa 13 kwa saa, kinatakiwa taa nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na za ubavuni kama inawezekana kuziweka.

Nyeupe ya pande zote. Bila kola.

Mzee hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Kwa hiyo kola nilifanya vizuri kuitoa."

"Kola, ndiyo, mzee."

Nikamrudishia ukuta na sahani, nikamrefushia mlingoti unaobeba taa ili nyeupe ipite juu ya kichwa chake, maana kichwa nacho ni kola. Alitoka karibu saa saba huku akinipongeza kwa kuelewa haraka.

Mchana nikairudia ile iliyovuja. Nikapaka silikoni, nikafuta, nikatazama kwa kioo cha kukuzia, na kosa likawa punje ya vumbi la msasa juu ya pete ya mpira. Punje moja. Gundi ya moto ingeficha aibu kwa wiki mbili kisha ibanduke, nimejaribu miaka ya nyuma. Katikati ya hapo nimepekua droo, makopo ya skurubu na mifuko ya suruali ya jana nikitafuta sumaku. Mtu alikuja kuuliza kama naweza kuweka vikombe vya mpira vya kufyonza badala ya kuchomeka mlingoti kwenye tundu la fimbo ya kuvulia. Nikamwonyesha: plastiki ya kayaki nyingi haina uso laini kabisa, kikombe hakishiki, na gundi nayo haiipendi. Mlingoti kwenye tundu, kamba ya mpira, basi. Ukifika nchi kavu unachomoa, hujatoboa chochote. Aliondoka akisema atafikiria.

Giza lilipoingia tukaenda kujaribu kwa mbali, mimi na kijana anayenisaidia. Za ubavuni zinatakiwa zionekane kwa maili moja ya baharini, meta 1,852, kwa hiyo mmoja wetu lazima atembee, na leo zamu ilikuwa yake. Mimi nilibaki na taa, nimemwelekezea mbele kabisa. Akapiga simu.

"Naona nyekundu."

"Na kijani?"

"Hakuna kijani. Unanionyesha ubavu?"

Nikaangalia. Sikuwa nimeisogeza hata kidole. Betri ilikuwa imechoka. LED nyekundu tatu huridhika na volti 6 hivi, kijani tatu zinataka karibu 9, kwa hiyo betri ikishuka kijani huzimika kwanza na nyekundu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliye mbele anadhani unapita pembeni, kumbe unamjia. Nililijua jambo hilo kwa karatasi. Kulisikia kwa simu gizani, na mtu anauliza "unanionyesha ubavu", miguu ilinilegea. Tukarudi kuchukua betri nyingine, tukaanza upya. Zikaonekana zote mbili. Kijana alikuwa hasemi tena, anajibu "mm" tu. Kesho nitaongeza kipande kidogo cha kuzima taa zote volti zikishuka, na kitakula faida yangu yote kwenye oda hii.

Sijui ilikuwa saa ngapi tuliporudi. Nikawasha taa sita, nikakaa nazo mpaka zikapata joto, nikazitumbukiza. Ndoo ilikuwa njiani, nikaishika mkono wake wa chuma niisogeze ukutani, vidole vikagusa kitu kidogo cha duara kimeng'ang'ania upande wa chini.

Sumaku.