Kumbe ilikuwa kengele

Nina watoto zaidi ya 70 darasa la pili, na mmoja wao ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na hisi. Kila siku alipiga mayowe, akarusha madaftari, akakimbilia mlangoni. Wenzangu walishauri achapwe. Sikukubali, mtoto yule alikuwa anatetemeka, na mkaidi hatetemeki.

Wiki nzima niliandika kila tukio: saa ngapi, nini kilitangulia, nini kilifuata. Ijumaa nikaona. Karibu kila mara ilikuwa kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, hatua chache tu kutoka dirisha letu. Sisi tumeizoea, yeye ilimchoma masikio.

Nikamhamishia upande wa pili, mbali na dirisha. Nikachora picha kwenye vipande vya boksi: kusoma, hesabu, uji, kucheza, nyumbani. Kipindi kikiisha, anageuza kimoja. Dakika tano kabla ya kengele namwonyesha picha ya kengele, naye anaziba masikio. Simshiki mkono ghafla. Hilo alinifundisha mama yake.

Mayowe ya kila siku yamebaki mara moja moja, hasa kengele ikigongwa nje ya ratiba. Juzi nilisahau kumwonyesha. Akainua picha mwenyewe: "Mwalimu, kengele."