Jua la Saa Kumi na Mbili, Maji ya Saa Nne

Ratiba waliyonitumia ilikuwa imepakwa rangi tatu. Mstari wa kijani ulisema: siku ya nne, macheo, wanawake wakivuna mwani, Jambiani. Niliijibu usiku uleule. Nikawaandikia kwamba macheo na mwani havikutani, nikaeleza sababu kwa urefu, nikawapa na saa zinazofaa. Wakajibu kwamba wamefurahi mno kunipata na wanaisubiri Zanzibar kwa hamu. Ratiba haikubadilika hata nukta.

Hiyo ilikuwa Agosti 2018, upepo wa kusi umekaza. Nilikuwa nikiwafanyia kazi watu wa televisheni za nje wanapokuja Unguja: kuwatafutia vibali, magari, vyakula, na watu wa kuzungumza mbele ya kamera. Hawa walitoka Ulaya na kipindi cha safari. Mnavijua vipindi vyenyewe. Mtangazaji anatembea peke yake na begi mgongoni, anaonja pweza, anajaribu kazi ya wenyeji, inamshinda kidogo, wote wanacheka. Nyuma ya huyo mtu wa peke yake tulikuwapo mwongozaji, wapiga picha wawili, fundi sauti, msichana wa ratiba, madereva wawili, vijana wa kubeba, na mimi niliyetakiwa kuinama kila kamera inapogeuka. Begi lake lilijazwa taulo ili lionekane zito.

Kwa asiyekulia pwani ya mashariki ya Unguja, iliko Jambiani, hesabu ni hii. Mwani hupandwa kwenye maji madogo baina ya ufukwe na mwamba, kamba zikifungwa kwenye vigingi vilivyokitwa mchangani. Kuufikia, kuufunga na kuuvuna kunataka maji yatoke kweli, nayo hutoka kweli wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na bamvua la kwetu lina saa zake. Maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri. Hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Jua linapochomoza, mashamba bado yamezama. Zipo siku maji yanapokupwa alfajiri, lakini hizo ndizo siku za maji mafu, bahari inarudi nyuma kidogo tu na kazi haifanyiki. Kwa hiyo picha aliyokuja nayo mwongozaji kichwani, jua jekundu linatoka baharini na kina mama wameinama kwenye uwanda mkavu, haiko Jambiani, haiko Paje, haiko Bwejuu. Hata uamke saa ngapi.

Nilichoweza kukipigania ni tarehe. Niliwasukuma mpaka wakaja mwezi ukiwa umeandama, Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, bamvua lenyewe. Vibali nilivimaliza mapema, sheha, kiongozi wa mtaa, akatupokea vizuri. Droni yao ilizuiliwa uwanja wa ndege kwa kuwa haikuwa na karatasi zake, ikakaa huko mpaka siku ya kuondoka. Mwongozaji aliomboleza kama kafiwa. Mimi nilishukuru kimyakimya. Sikupenda kitu kile kizunguke juu ya vichwa vya wanawake waliojitanda kanga vifuani wakidhani wako wenyewe.

Siku moja kabla ya kupiga picha nilikwenda na msichana wa ratiba hadi uani kwa mamkubwa wangu, ndugu mkubwa wa marehemu mama. Mamkubwa yumo kwenye mwani tangu ulipoanza kulimwa kibiashara huku, mwaka 1989, mbegu zikitoka Ufilipino. Alijenga vyumba viwili kwa fedha za mwani na akasomesha. Sasa ule mnene wenye bei nzuri hauishi tena vizuri, maji yamekuwa ya moto, amebaki na ule mwembamba ambao kilo yake haifiki mbali. Wanaounua, alinieleza mara nyingi, wanautengenezea dawa za meno na malai, yaani aiskrimu, huko Ulaya. Alitaka kuona kama msichana wa ratiba analijua hilo. Hakulijua.

Walikuwapo kina mama saba au wanane wanafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vyembamba, mikono inakwenda yenyewe, midomo inazungumza mengine. Nikasalimia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba mwanangu, hujambo, watoto hawajambo. Yule msichana akawa anatazama saa. Salamu zilipokwisha akatoa fomu za ridhaa, kurasa mbili mbili, maandishi ya mchwa. Nikaanza kuzieleza. Kwamba wanaruhusu sura na sauti zao zitumike ulimwengu mzima, kwa chombo chochote kilichopo na kitakachobuniwa, milele.

"Hata nikifa?" mamkubwa akauliza.

"Hata ukifa, mamkubwa."

"Basi hizo fedha nikishakufa watampa nani?"

Msichana alipotafsiriwa alicheka, akadhani ni mzaha. Pale ndipo tulipogota. Kipindi chao kilikuwa na sharti la kutowalipa watu wanaohojiwa, wasije wakaambiwa wamenunua maneno. Kwa habari za siasa naielewa kanuni hiyo. Lakini hapa mtu anaombwa aache kazi yake, aifanye tena kwa ajili ya kamera, asimame, arudie, ageukie kulia, na Sikukuu iko mbele, watoto wanataka nguo. Kina mama hawa wamepigwa picha za bure vya kutosha; kila siku wageni wa mahoteli wanaruka kamba zao na simu mkononi bila hata ya hodi. Wakasema bei ya siku kila mmoja, au waende Paje. Mwisho tuliwaandika kama wasaidizi wa siku kwenye hesabu za gari na chakula, kila mtu akaweka dole gumba au sahihi, na ile milele ikabaki ilivyo.

Alfajiri ya kesho yake mwongozaji alitugonga wote. Tukashuka ufukweni na taa za kichwani, baridi ya kusi inakata, fundi sauti ameivalisha maiki yake manyoya mawili moja juu ya jingine na bado anatikisa kichwa. Kukapambazuka. Jua likatoka, zuri kwa kweli, na chini yake bahari tupu, imejaa, inapiga hadi karibu na minazi. Mwongozaji akanitazama.

"Wako wapi?"

"Wamelala. Au wanapika chai."

Akaniomba niwaite. Hakuhitaji wavune, alisema, waingie tu majini na magunia yao, waonekane wanakwenda. Nikaenda mpaka kwa mamkubwa, kwa adabu, nimekwishajua jibu. Alikuwa anapuliza moto.

"Nikafanye nini huko saa hizi? Kukoga?"

Nikarudi nikasema wanakuja saa tatu na nusu. Wapiga picha wakalipiga lile jua na maji yake, kwa kuwa walikuwa wameshaamka, kisha tukakaa mchangani tukala mandazi. Siwalaumu sana. Kundi la watu wa nje linakula fedha kila saa, mahoteli, ndege, mitambo ya kukodi, na mwongozaji anajua kuwa mwanga mzuri ni ule wa mwanzo na wa mwisho wa siku, katikati hapo uso wa mtu unakuwa tundu jeusi chini ya kofia. Alikuwa anapigania kazi yake. Isipokuwa aliipigania mbele ya mwezi.

Saa nne bahari ilikuwa imeondoka. Uwanda mzima umefunguka, mistari ya vigingi mpaka unapochoka kuangalia, kina mama wameshaingia na magunia yao na viatu vya plastiki. Mtangazaji alitakiwa aende pekupeku, inapendeza zaidi. Hakumaliza hatua kumi kabla ya kuchomwa. Kikapatikana kiatu cha kuazima, rangi ya waridi, na kuanzia hapo wapiga picha waliambiwa wasimpige chini ya magoti.

Kero iliyofuata ilitoka angani. Kutoka upande wa Paje walikuwa wanateleza watu wa kaiti, wanaovutwa juu ya maji na tiara kubwa, za manjano, bluu, nyekundu, kila ukipiga picha kuna mbawa imepita nyuma ya kichwa cha mtu. Mwongozaji alitaka pwani isiyoguswa na mtu. Nikamwambia hii imeguswa toka zamani, na wengine kati ya hao wa kaiti ni watoto wa kina mama hawa, wanafundisha. Akamwomba mpiga picha ageuze kamera kusini.

Yule mpiga picha mkubwa ndiye mtu wa kwanza kuifurahia saa ile. Alilalamika asubuhi nzima juu ya jua kali, kisha akapiga goti kwenye kidimbwi, akanyamaza. Akaniita nitazame. Mchanga mweupe na maji yaliyobaki vilikuwa vinarudisha mwanga juu, nyuso za kina mama zikawaka kutokea chini, mpaka mikunjo ya macho ikaonekana. Hakurudi tena kwenye habari ya macheo.

Kwa saa nzima mambo yakaenda. Mtangazaji akafundishwa kufunga mwani, akafunga vibaya, akachekwa, akaanguka, shati likalowa. Likatoka jingine la rangi ileile kwenye begi. Alikuwa nayo matatu, kwa sababu kwenye kipindi matukio hupangwa upya na mtu hawezi kuwa amelowa, kisha mkavu, kisha amelowa. Mamkubwa aliona ni anasa isiyo na mfano. "Mashati matatu," akamwambia mwenzake, "na fundo moja hajui."

Kisha mwongozaji akataka matembezi. Kina mama wote watoke mbali, wamejitwika magunia, waje kuelekea kamera, wasiitazame. Wakaja. Mmoja akaitazama. Wakarudia. Kaiti ikapita. Wakarudia. Safari hii adhana ya adhuhuri ikawa inatoka msikitini, na mwongozaji akauliza kama inaweza kuchelewa kidogo. Hilo sikulitafsiri kwa mtu yeyote.

Wakati anawapanga upya, mamkubwa alikuwa ameugeukia mwamba.

"Mwambie maji yashageuka."

Nikamwambia. Akatazama mbele, akaona mchanga, akasema tuna muda. Maji ya bamvua hayaji yakikutazama usoni. Hupita kwanza kwenye mifereji, yanakuzunguka, na wewe unapoona pale ulipo pakavu, nyuma yako njia ya kurudi ufukweni imeshakuwa mto. Tulipoanza kuondoka yalikuwa ya vifundo. Mguu wa kamera ukadidimia, ukang'olewa kwa watu wawili. Yakawa ya magoti. Vijana wetu wa kubeba walikuwa wa mjini, na mmoja alianza kusoma dua kwa sauti. Masanduku meusi ya kamera, ghali kuliko nyumba, yamekaa juu ya rundo la vigingi, na mwongozaji anazunguka nayo hajui aanze na lipi.

Kina mama hawakukimbia. Waliyaachia magunia yaelee wakayaburuta kwa kamba, mikono mingine ikawa huru. Mamkubwa akasimama mbele ya mwongozaji, maji yanakaribia mapaja.

"Elfu kumi. Kila sanduku."

Ndiyo sentensi niliyoitafsiri haraka kuliko zote maishani. Akaitikia kabla sijamaliza. Masanduku yakapanda vichwani juu ya kata za kanga, fundi sauti akakabidhi hadi koti lake, na mstari ule ukaelekea nchi kavu taratibu, kwa njia wanayoijua wao, mtangazaji katikati ameshikwa mkono. Picha bora ya safari ile ilikuwa hiyo, na haikupigwa: kamera zote zilikuwa vichwani mwa watu waliopaswa kupigwa.

Kipindi kilitoka miezi kadhaa baadaye. Nikakichukua kwenye simu, nikakipeleka uani, tukakaa kukitazama watu wengi kwenye kioo kidogo. Mwani ulipata dakika nne hivi. Unaanza na jua la alfajiri linapanda juu ya bahari, muziki wa taarabu uliotoka sijui wapi, halafu mara moja, bila hata pumzi, kina mama wameinama kwenye uwanda mkavu. Mwongozaji aliipata picha yake. Aliikata kwa mkasi huko kwao, akaziunga saa mbili ambazo mwezi umezitenganisha. Mtangazaji anasema kwa sauti ya chini kwamba amewakuta hapa, asubuhi na mapema, kwa bahati.

"Jua linatoka na maji makavu?" mama mmoja akasema. "Hii pwani gani?"

Wakacheka mpaka watoto wakaja kutazama. Wengine wakatafuta vivuli vyao, wakaviona vifupi miguuni, wakacheka tena. Mamkubwa hakujali jua. Alitaka nirudishe pale mtangazaji anapofunga mwani. Nikarudisha. Akaisogeza simu karibu na miwani, akaniambia mashada yote ya kamba ile yaling'oka usiku uleule, akalazimika kupanda upya kwa mbegu ya kununua.

Akauliza kama namba ya yule msichana wa ratiba bado ninayo. Nilikuwa nayo. Tukamwandikia pale pale, tukampa bei ya mbegu kwa shilingi. Jibu lilikuja kesho yake: watalipa, ila wanaomba risiti.