Kifua Kilichogeuziwa Majani

Somo: Mathayo 6:1-6, 26

Wapendwa katika Bwana,

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, anaishi ndege aitwaye trogoni wa Narina. Dume lake lina tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva na mgongo wa kijani unaong'aa, hata mtu angedhani ataonekana kutoka mbali. Sivyo. Nilipoingia humo pamoja na mwongoza watalii, tulimsikia akiita kwa sauti nzito, huu-huu, huu-huu, kwa karibu nusu saa, nasi tukizunguka chini ya mti uleule pasipo kumwona. Kumbe alikuwa ameketi wima juu ya tawi, ametugeuzia mgongo, na mgongo wenyewe umekuwa jani miongoni mwa majani. Mwenzangu alinieleza kwamba ndiyo desturi yake anapohisi kutazamwa. Hugeuza kichwa tu, polepole, akitafuta kiwavi au vunjajungu. Akishamwona huruka ghafla, humnyakua kutoka kwenye jani bila kutua, kisha hurudi kukaa kimya.

Mstari wa 26 tunaupenda sana, pale Bwana anapotuambia tuwaangalie ndege wa angani, ambao hawapandi wala hawavuni na bado Baba huwalisha; nadhani tumeuzoea kiasi cha kusahau kwamba sura hiyohiyo imeanza na sadaka isiyopigiwa tarumbeta na sala ya chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Baba anayewalisha ndege ndiye huyohuyo aonaye sirini, na wekundu ule ambao sisi tuliutafuta nusu saa nzima, Yeye alikuwa akiuona tangu mwanzo.

Nakiri kwamba mimi si trogoni. Nikichangia ujenzi wa kanisa, sikio langu husubiri jina langu lisomwe kwenye matangazo, na safari moja liliporukwa nilinuna hadi Jumapili iliyofuata. (Msomaji, maskini, alikuwa amesahau miwani yake nyumbani.)

Kwetu yuko mama mmoja anayefagia kanisa kila Jumamosi jioni. Kwa miaka mingi sikujua ni nani, mpaka siku niliyosahau mwavuli wangu nikaurudia. Alipogutuka kuniona, aliuegemeza ufagio ukutani, akanigeuzia mgongo, akajifanya anatafuta kitabu cha nyimbo.