Pengo katika Kipande cha Babu

Kipande cha Babu, yaani hati ya kikoloni ya utambulisho na rekodi ya kazi, kilibaki kwa Shangazi, ndani ya kile kikebe cha bati ambacho wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kukivaa shingoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Karatasi imechanika kwenye mikunjo, lakini alama za vidole bado zinaonekana na kazi alizofanya zinasomeka: shamba la katani Mwatate, shamba jingine la katani Voi, kisha kampuni ya kupakua mizigo Kilindini, bandari ya Mombasa. Kila mstari una tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kuachishwa, mshahara na saini ya mwajiri. Halafu mistari inakoma. Vita Kuu ya Pili inakaribia kwisha, Babu anaachishwa kazi ya mwezi, na kuanzia hapo karatasi ni tupu.

Kwetu Taita pengo hilo lilikuwa na maelezo yake, na mwenye kuyatoa alikuwa Bibi. Mumewe alipotelea Mombasa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa bila hata senti moja kutoka pwani, na siku ya ubatizo baba mtu akatokea mikono mitupu, amepanda mlima kwa miguu kutoka Voi. Hakusema alikokuwa. Alikaa siku chache, akashuka tena. Bibi aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni, na alipofariki Shangazi akaichukua akaendelea nayo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa wakati huo. Baba Mkubwa, ambaye ndiye mtoto aliyebatizwa, hakutaka kuisikia ikitajwa.

Mimi nilikuwa natafuta mwaka. Wazee wetu husema mtu alizaliwa wakati wa nzige, au wakati wa vita, na kwao hiyo inatosha. Lakini ukitaka kujua kibarua fulani alikuwa anapitia nini mwezi fulani, lazima kwanza uujue mwezi wenyewe. Ndiyo sababu nilimwomba Shangazi tuandamane kwenda kanisani kuangalia vitabu vya ubatizo. Alikubali, nadhani kwa kuwa alitaka mtu ashuhudie kwamba mama yake hakusema uongo.

Kasisi alitutolea kitabu kutoka kabatini na kukaa nasi mezani, kwa sababu kitabu hakitoki ofisini. Kurasa ni kubwa, zimepigwa mistari: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, wanakoishi, kazi ya baba, wadhamini. Ile safu ya kazi ya baba ndiyo iliyonishika. Ukurasa baada ya ukurasa: mkulima, mkulima, mpishi, kuli, mkulima, askari, kuli, kuli. Wanaume wa milima hii walikuwa wametawanyika kwenye katani, kwenye reli na bandarini, na mwalimu wa kanisa aliyeshika kalamu aliwaandika mmoja mmoja kwa kazi zao. Nimesoma nyaraka nyingi za serikali ya kikoloni na sijaona mahali ambapo watu hawa wanapewa heshima hiyo rahisi ya kuandikwa kila mtu kwa jina lake pamoja na wanawe. Huko serikalini, mfanyakazi wa kawaida anaonekana akishtakiwa, akiumia, akidaiwa kodi, au akigoma. Asipomsumbua mtu, haandikwi.

Shangazi ndiye aliyemwona kwanza, kwa jina la mama yake. Akaweka kidole. Mtoto alizaliwa Januari 1947, akabatizwa Februari. Baba: kuli, Mombasa.

Nikamwambia, "Shangazi, mwezi huo Mombasa nzima ilikuwa imegoma."

Nilikuwa nimesoma faili za idara ya kazi katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, ndani ya lile jengo la Moi Avenue ambalo zamani lilikuwa benki, mahali ambapo unaruhusiwa kuandika kwa penseli tu. Nilimsimulia pale pale mezani. Jumatatu ya 13 Januari 1947 makuli wa Kilindini hawakwenda kazini. Wa reli pia, wa hoteli pia, hata wapishi na maboi wa majumbani. Kwa jumla watu karibu 15,000. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, vyumba havipatikani, na mshahara haukutosha kumlisha hata mtu mmoja, sembuse aliyeacha mke mlimani. Walikutana Majengo, kwenye uwanja wa mpira walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na kiongozi wao akawa Chege Kibachia. Mgomo ulidumu karibu siku 12, hadi Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipowashawishi warudi kazini huku madai yao yakienda kusikilizwa. Aliyewekwa kuyasikiliza alikuwa Jaji Thacker, yule yule aliyekuja kumhukumu Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953. Agosti hiyo hiyo ya 1947 Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Kabarnet.

Jina la Babu sikuliona popote katika faili hizo. Makuli wanahesabiwa kwa maelfu, wanaotajwa ni viongozi. Lakini mzee mmoja aliyefanya kazi Kilindini alikuwa amenieleza kuhusu lile pengo: kibarua wa kutwa hakuwa na mwajiri mmoja wa kumtilia saini. Leo meli hii, kesho ile, keshokutwa hakuna meli. Mtu angeweza kubeba magunia miaka na kipande chake kisiongezeke hata mstari mmoja. Na kibarua akigoma siku 12, ana siku 12 bila ujira, kisha deni la chumba linamsubiri.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa kidole kwenye ule mstari. Kasisi akasema kwa upole, "Basi Mzee hakuwatupa." Shangazi hakumkubalia.

"Siku 12 nimezielewa," akasema. "Na miezi mingine je? Na kwa nini hakumwambia mke wake? Mama angejua kwamba mwenzake amegoma, angejivunia. Yeye alimwachia aibu."

Sikuwa na la kujibu, na hata sasa naona ana haki. Kitabu kilikuwa kimetupa mwezi, faili zikatupa mgomo, na kipande, ukikijua, kinakuonyesha mtu anayeuza nguvu zake siku kwa siku. Kimya cha Babu mbele ya Bibi hakimo katika karatasi yoyote kati ya hizo.

Tulipotoka nje Shangazi akaniuliza kama bandari iligoma tena baadaye. Nikamwambia ndiyo, Machi 1955, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alishuka kutoka Nairobi kuwasaidia makuli kujadiliana na waajiri.

"Huo naujua," akasema. "Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka Baba alivyorudi. Safari hiyo alisema, tena alisema usiku mzima. Toa penseli yako, mwanangu, maana hili nililiona mwenyewe."