Kila Mwenye Pumzi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wapendwa.

Neno letu la juma hili linatoka Zaburi ya 150. "Msifuni kwa mvumo wa baragumu, msifuni kwa kinanda na kinubi, msifuni kwa matari na kucheza, msifuni kwa zeze na filimbi." Vyombo vikiisha kutajwa, mzaburi anafunga hivi: "Kila mwenye pumzi na amsifu Bwana. Haleluya."

Mimi ni mtu wa kwaya, kwa hiyo niliianza zaburi hii kwa upande wa vyombo, hasa kinanda. Hapa Bagamoyo kinanda chetu ni cha umeme, na umeme ukikatika katikati ya Utukufu tunaendelea kwa ngoma, kayamba na sauti zetu. Mkubwa wake, kile kinanda cha mabomba, wengi wetu tumekisikia redioni au kwenye simu tu. Hakina nyuzi wala spika. Mivukuto hujaza hewa kwenye sanduku, mpigaji akibonyeza kitufe mlango mdogo hufunguka chini ya bomba, na upepo hupanda. Bomba refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Kila bomba lina sauti moja tu, na hiyo ndiyo litakayoimba siku zote. Kabla ya umeme alikuwepo mtu nyuma ya kinanda, waumini hawamwoni, akivuta mivukuto tangu wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho. Mtu huyo akiacha, kinanda kizima kinanyamaza, hata mpigaji awe fundi namna gani.

Chombo hiki kilizaliwa Afrika. Ktesibio wa Aleksandria, kule Misri, ndiye aliyekiunda katika karne ya 3 kabla ya Kristo, akitumia maji kuibana hewa. Warumi wakakichukua wakakipeleka viwanjani. Huko Zliten, Libya, ilichimbuliwa sakafu ya kale yenye picha ya kinanda kikipigwa huku wapiganaji wakichinjana na watu waliohukumiwa wakitupwa kwa wanyama wakali. Ibada ya Wakristo wa mwanzo haikuwa na kinanda, na mtu akiitazama picha ile haoni ajabu. Mwaka 757 Kaisari Konstantino wa Tano wa Konstantinopoli alimpelekea Pipino, mfalme wa Wafaranki kule Ulaya magharibi, kinanda kama zawadi, na polepole, kwa karne kadhaa, kikaingia katika monasteri na makanisa ya Ulaya. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikipa heshima kubwa katika Kanisa la Kilatini, ukisema sauti yake huinua mioyo ya watu kwa Mungu. Hati hiyohiyo ilifungua mlango kwa vyombo vya mataifa mengine, na ngoma zetu zimepita humo.

Chombo kilicholia watu wakifa ndicho kinachosindikiza Misa! Mungu hakukitupa. Alikikomboa.

Nasi tunaoishi hapa tunaijua habari ya namna hiyo kwa miguu yetu. Njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora iliishia ufukoni mwetu. Watu walifika wamebeba meno ya tembo, na wengi wao wakavushwa kwenda kuuzwa Unguja. Machi 1868 mapadre Antoine Horner na Etienne Baur wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni hapa, wakaleta watoto waliowakomboa kwa fedha katika soko la watumwa. Watoto wale walisoma, walijifunza ufundi, walilima. Walipokua wakaoana na kuanza kijiji chao. Tusifiche kwamba maisha ya misheni yalikuwa na amri kali, na kwamba kazi ya shamba ilikuwa nyingi kwa watoto ambao tayari walikuwa wameteseka. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya kanisa letu, tulibebe.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda kumtafuta David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, alikaribishwa chakula misheni. Baada ya kula walitokea vijana wapatao 20 wenye matarumbeta, bendi kamili, wakapiga na kuimba nyimbo za Kifaransa. Stanley aliandika kwamba alishangaa, na mshangao wake una dharau ndani yake. Mimi nimekaa sana na vijana wale. Tarumbeta halipigwi kwa vidole peke yake. Linataka kifua. Linataka mtu avute hewa mpaka chini ya mbavu, aishike, kisha aiachie kwa kipimo. Na vifua vile ni vya watoto walioonja utumwa, waliosimamishwa sokoni watu wakiulizana bei yao.

Hapo Zaburi ya 137, kilio cha Waisraeli waliochukuliwa mateka Babeli, ikanijia bila kuitafuta: "Maana huko waliotuchukua mateka walitaka tuwaimbie." Je, vijana wale nao hawakuwa wakitakiwa kuwaimbia wageni, tena kwa lugha ya ugenini, wageni wakiisha kushiba? Swali hili limenisumbua, na sitaki kulifunika kwa Haleluya ya haraka. Ninachoamini ni kwamba waliowafundisha waliweza kuchagua wimbo, lakini pumzi hawakuitoa wao. Mwanzo 2:7 inasema ni Bwana Mungu aliyempulizia mtu puani pumzi ya uhai. Mfanyabiashara wa watumwa aliinunua miili yao, padre akalipa fedha ili waachiwe, na katika shughuli zote mbili pumzi ilibaki mali ya Yule aliyeitoa. Kijana yule alipojaza kifua chake, Mungu alimsikia yeye mwenyewe, kwa sauti yake moja asiyokuwa nayo mwingine, hata kama Stanley alisikia bendi tu.

Majirani zetu Waislamu nao wana ushuhuda wao: Sheikh Ramiya, aliyeletwa mji huu akiwa mtumwa, akawa kiongozi mkubwa wa Kadiria, mojawapo ya tarika (njia za kiroho) za Kiislamu, na jina lake linatajwa kwa heshima hadi leo.

Mnara wa kanisa la mwaka 1872 bado umesimama. Mwili wa Livingstone uliletwa hapo tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. Kanisa kubwa lilikuja baadaye, likajengwa kati ya 1910 na 1914. Wageni hupiga picha sana. Ninyi mnaopita pale kila siku, simameni kidogo mwaombee watoto wale, ambao wengi wao hatuyajui hata majina.

Na tuwaombee walio hai. Bado wako watoto wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, wakaishia kufanya kazi za ndani bila mshahara, bila Jumapili, bila ruhusa ya kupiga simu nyumbani. Wengine wako katika mitaa yetu. Tukikutana kwenye jumuiya juma hili, tusome Zaburi ya 137 kwanza, kisha ya 150, kwa sauti. Halafu kila familia iseme kama kuna binti au kijana wa namna hiyo inayemfahamu, ili viongozi wa jumuiya waende kumtembelea kabla ya Jumapili.